Pumzi ya Baba Mkwe

Immakulata aliitambua medali kabla hajakitambua kifua. Mwalimu Nurudini alikuwa ameweka picha ya eksirei kwenye skrini ya darasani, na pale katikati ya weusi na weupe wa mbavu ilining'inia medali ya Bikira Maria, imeshikizwa kwa pini iliyopinda. Pini hiyo aliipinda Claudine, binti wa Immakulata, kwa meno yake mwenyewe, siku babu yake alipomwachia aichezee. Jina la mgonjwa lilikuwa limefutwa, kama ilivyo kawaida ya picha za kufundishia. Kwa Immakulata jina halikuwa na kazi.

Nurudini aliuliza nani atamtajia kasoro za picha ile. Wanafunzi wa mionzi pale hospitalini Kibondo walikuwa wachache na wote wapenzi wa kucheka. Winifrida, aliyekuwa anakaa chumba kimoja na Immakulata, akaanza: mgonjwa hakuvuliwa nguo, medali hiyo na vifungo vya shati hivyo. Mwingine akasema mabega hayakusogezwa mbele. Hamis, ambaye hakuacha kitu kipite bila kukifanyia mzaha, akasema aliyepiga picha hii lazima alikuwa anamwogopa mgonjwa, alisimama nje ya mlango akabonyeza kitufe kwa fimbo.

Darasa likaangua kicheko, na Immakulata naye akacheka. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengine, kwamba alicheka, tena kwa sauti, ili asionekane amenyamaza. Maana aliyeipiga picha ile alikuwa yeye, na kifua kile kilikuwa cha baba mkwe wake.

Asiyejua mambo ya wakwe wa huku kwetu anaweza kudhani binti huyu alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Alizaliwa Kitanga, kwa wazazi waliotoka Burundi wakaja kupata uraia, na shuleni alikuwa yule anayerudia kufuta ubao hata kama si zamu yake. Akaolewa Titye na Bazilio, muuza maharage wa soko la Kasulu, mtoto wa Mzee Tharsisi. Mimi jina hilo nalitamka bila taabu. Immakulata hajalitamka tangu siku ya harusi, na hata padri alipohubiri habari za mtakatifu mwenye jina hilo yeye aliinamisha kichwa kama ametukanwa. Mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hakalii kiti chake, hampi kitu mkono kwa mkono, na wakikutana kwenye njia nyembamba yeye ndiye anayeingia majanini. Kumwona kifua wazi ni habari ya kusimuliwa kijiji kizima. Mjini watu wameanza kulegeza, lakini Titye si mjini.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo anakwenda kusomea kazi ya kuwavua watu mashati.

Kazi yenyewe aliipenda. Nurudini, mtu wa Ujiji mwenye maneno ya taratibu, ndiye aliyemfundisha tangu alipopelekwa kwa mafunzo kwenye hospitali moja ya Kasulu. Siku ya kwanza hakumwonyesha hata mashine. Alichukua tochi, akafunga madirisha, akamwambia aweke mkono mbele ya ukuta. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli kilikuwa kidogo na kingo zake zilisomeka hadi kucha. Akiusogeza mkono kuja kwenye tochi, kivuli kilivimba, kingo zikawa ukungu. Nurudini akamwambia eksirei ni kivuli tu, ila cha ndani ya mwili, na kazi yote ni kukifanya kivuli hicho kiseme ukweli. Kwa hiyo kifua cha mgonjwa kinabanwa kwenye bamba linalopokea picha, ili moyo usivimbe bure. Mabega yanasukumwa mbele ili ile mifupa mipana ya mgongoni itoke juu ya mapafu. Mgonjwa anavuta pumzi mpaka mwisho na kuibana, maana pafu lisilojaa hewa huonekana jeupe kama lina ugonjwa, na moyo hulala ubavu ukaonekana mkubwa. Immakulata aliyashika yote hayo. Ungemwamsha usingizini angekutajia.

Ndipo Mzee Tharsisi akaanza kuishiwa pumzi. Alikuwa akipanda kilima cha shamba lake la muhogo anasimama njiani, na suruali zikaanza kumpwaya. Kila akiambiwa hospitali alikataa, mpaka aliposikia kwamba mkwewe ameshaanza kushika mashine. Hapo akawa yeye ndiye anayehimiza safari. Aliwatangazia watu baada ya misa kwamba kwake sasa kuna mtu anayeona mpaka ndani ya mbavu, na siku ya kwenda Kasulu akavaa shati lake la sikukuu.

Asubuhi hiyo Nurudini hakuwepo, alikuwa ameitwa Kibondo kuangalia mashine. Aliacha maagizo kwamba lolote linalomshinda Immakulata lisubiri. Bazilio, aliyemleta babake, alimvuta mkewe pembeni akamuuliza kama aingie naye amsaidie mzee kuvua. Immakulata alikuwa amevaa koti jeupe, jipya, limepigwa pasi, na manesi wawili walikuwa wanamtazama. Akamjibu Bazilio kwamba kazini hakuna mkwe, akae nje kwenye benchi.

Lakini mlango ulipofungwa, mkwe alikuwepo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, anatazama sakafu, na yeye Immakulata anatazama ukuta. Neno "vua shati" lilimfika kooni likagoma. Alimwomba mzee asimame mbele ya lile bamba, naye mzee, kwa heshima zake, akasimama hatua moja mbali nalo, maana hakuna aliyemwambia alikumbatie. Mabega hayakuguswa na mtu. Immakulata akaingia nyuma ya kinga ya mionzi, na kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani akasema, "Databukwe, vuta pumzi kidogo." Ndivyo wanavyomwita baba mkwe. Akabonyeza.

Picha ilipotokea aliona kila kitu. Tusimsingizie kwamba hakujua. Aliona medali, aliona moyo uliovimba, aliona mifupa ya mabega imefunika juu ya mapafu yote mawili kama mapazia. Lakini kurudia kulimaanisha kumwita Bazilio kutoka kwenye benchi, mbele ya manesi wale wale. Akajificha nyuma ya kanuni. Alijiambia kwamba tumefundishwa tusimwongezee mgonjwa mionzi bila sababu, kana kwamba sababu haikuwa mbele ya macho yake, akaituma picha kwa daktari. Daktari, kijana mwenye foleni hadi nje ya jengo, akasoma kwamba moyo umetanuka, akaandika dawa za moyo.

Mzee alirudi Titye na vidonge na masharti. Maharage yasiyo na chumvi, jembe hapana, kilima hapana. Akawa anashinda uani, na kwa kuwa hana kazi tena akapewa kazi ya kumlea Claudine, ambaye alikuwa anaishi huko kwa babu na bibi wakati mama yake anasoma. Mtoto hakubanduka kwake. Immakulata akahamishiwa Kibondo, ambako Nurudini pia alikuwa akifundisha, kumalizia mafunzo, na kwa muda alifaulu kusahau, mpaka siku hiyo ya medali.

Kicheko cha darasa kilipotulia, Nurudini aliuliza swali la pili, kwamba mgonjwa huyu basi ana nini. Winifrida akasema moyo mkubwa. Nurudini akatikisa kichwa.

"Hatujui," alisema. "Moyo huu umekuzwa na mpigaji. Na huku juu, nyuma ya mifupa ya mabega, ndiko kifua kikuu hupenda kuanzia. Hapa kinaweza kuwepo na kinaweza kisiwepo. Picha hii haijatuambia kitu, na mtu wa watu ameondoka anadhani ameambiwa."

Immakulata aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Kilichomjia kichwani wala si yule mzee. Ni Claudine, amelala kifuani kwa babu yake mchana wa jua, mdomo wazi.

Ungetegemea ainuke aseme. Hakusema. Alisubiri darasa liishe hakusema, akala na Winifrida hakusema, na kila alipopiga moyo konde aende ofisini kwa Nurudini alikumbuka kile kicheko chake mwenyewe, akageuza njia. Aibu ya kwanza ilikuwa imezaa ya pili, na ya pili ilikuwa na nguvu kuliko mama yake. Aliomba ruhusa ya mwisho wa wiki akapanda gari la Kasulu, akijidanganya kwamba anakwenda tu kuwasalimia watu wa Titye.

Alikuta kikohozi kimeshafika. Mama mkwe wake, Epifania, alimwambia kwamba kimeanza na baridi, kitaondoka na baridi, na kwamba mzee anatoa jasho usiku mpaka shuka linalowa, lakini dawa za moyo si ndivyo zinavyofanya? Immakulata aliitikia tu. Alisaidia kupika, akapeleka chakula cha mzee akakiweka kwenye stuli na kurudi nyuma kama inavyopasa. Bazilio alikuwepo, majirani wawili walikuwepo. Mzee Tharsisi akamweka Claudine pajani, akachota maharage, akaonja kama ni ya moto, kisha kijiko kile kile akakipeleka kwenye mdomo wa mtoto.

Immakulata alivuka ua. Alifika mpaka pale alipokaa mkwewe, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, akamnyakua mtoto kutoka pajani kwake kwa nguvu hata kijiko kikaanguka. Claudine akalia. Majirani wakatazama kwingine. Mzee alibaki ameacha mikono yake hewani pale mtoto alipokuwa, halafu akaishusha polepole magotini.

"Isoni zako umeziacha wapi?" aliuliza Epifania, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Isoni ni ile aibu ya heshima, ndiyo inayomfanya mkwe ajue pa kupita na pa kutopita. Immakulata alikwenda nyuma ya jiko na mtoto mgongoni, na Bazilio akamfuata, amekasirika kweli, anauliza amemdhalilisha babake mbele za watu kwa kosa gani. Hapo ndipo alipoyatoa yote, bila kupanga, akitazama majivu. Shati, bamba, mabega, pumzi, kicheko cha darasani.

Bazilio alisikiliza hadi mwisho. Hasira zilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama.

"Nilikuwa kwenye benchi," alisema. "Ukuta mmoja tu, Imma. Ungegonga."

"Niliona aibu kukuita. Nilishakwambia kazini hakuna mkwe."

Bazilio alirudi uani, akawaaga majirani, akakaa karibu na wazazi wake. Immakulata kutoka nyuma ya jiko alisikia sauti ya mumewe inanung'unika muda mrefu, lakini maneno ya mzee hakuyasikia, kama yalikuwepo.

Jumatatu, Kibondo, alikwenda ofisini kwa Nurudini kabla hajavaa koti. Aliposema ile picha ni yake, Nurudini aliendelea kupanga karatasi zake. Alisema alijua ni yake, Kasulu wakati ule mwanafunzi alikuwa mmoja tu, na alikuwa anangoja aone kama atasema.

"Ila mgonjwa mwenyewe ni nani, hilo sikulijua," alisema.

"Ni baba mkwe wangu, mwalimu. Na mwanangu anakula naye kijiko kimoja."

Karatasi zikaacha kupangwa. Nurudini alikaa, akavua miwani. Alikuwa ameikuta picha ile kwenye mashine majuma kadhaa baada ya kupigwa, akaona inafaa kufundishia, akafuta jina. Hakumtafuta mwenye kifua. Alisema hilo lake, si la Immakulata, na atalibeba yeye. Kisha akasema mzee aletwe haraka, na picha ataipiga yeye mwenyewe.

Mzee Tharsisi alifika Kibondo na Bazilio, na shati lile lile la sikukuu. Bazilio alikaa nje kwenye benchi, na mzee alipoingia chumba cha eksirei Immakulata alibaki mlangoni. Nurudini akamkaribisha mzee kwa adabu zake zote za Ujiji, shikamoo na pole za safari, akamwomba avue. Mzee hakuvua. Aliuliza kama yule binti wa nyumbani kwake yupo. Alipoambiwa yupo mlangoni, akasema basi aingie, yeye alikuja kwa ajili ya mashine ya mkwewe, hakuja kwa ajili ya mtu mwingine.

Immakulata akaingia. Mzee akaanza kufungua vifungo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akabandua medali na pini yake iliyopinda. Kisha akamkabidhi mkwewe vyote, shati na medali, mkono kwa mkono. Mbavu zilikuwa zimetokeza. Alikuwa amekonda kuliko Immakulata alivyodhani, na shati lilikuwa limewaficha wote wasijue.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema mzee, akitazama bamba. "Siku ile uliniomba pumzi kidogo, nikakupa kidogo. Leo niombe yote."

Machozi yalimtoka Immakulata na hakuwa na mkono wa kuyafuta, mikono yote ilikuwa kazini. Alimbana mzee kwenye bamba kifua kikagusa. Aliinua kidevu chake. Alishika mabega yale, makavu na ya moto wa homa, akayasukuma mbele kama alivyofundishwa, na mzee akamwachia kama mtoto anayeogeshwa. Kisha akaenda nyuma ya kinga na kusema kwa sauti ambayo Bazilio aliisikia nje kwenye benchi, "Databukwe, vuta pumzi. Vuta. Vuta mpaka mwisho. Bana."

Moyo wa Mzee Tharsisi ulikuwa wa kawaida kabisa. Haukuwa na tatizo hata siku moja. Juu ya pafu la kulia, pale palipokuwa na pazia, kulikuwa na doa jeupe lenye shimo katikati, na makohozi yalipopimwa yalisema vilevile. Kifua kikuu. Kinatibika, Nurudini alirudia mara nyingi, dawa zipo, zinatolewa bure, akimeza bila kuruka siku atapona. Mzee mwenyewe alionekana amefurahi, maana aliambiwa anaweza kula chumvi.

Kisha ikaja zamu ya nyumba nzima kupimwa. Epifania hakuwa na kitu. Bazilio hakuwa na kitu. Claudine alikuwa hajaongezeka uzito tangu masika, jambo ambalo kila mtu alikuwa amelipa sababu yake.

Nurudini alisema mama asipige picha ya mwanawe. Immakulata akasema atapiga. Mtoto mdogo ni mgumu, hatulii, na ukimwambia avute pumzi anapandisha mabega tu. Lakini Claudine alikuwa amelelewa jikoni Titye. Immakulata alimsimamisha kifua wazi, akamrekebisha mabega na kidevu, akamwambia pale mbele kuna moto wa bibi umezimika, majivu tu, aupulize uwake. Kila aliyewahi kupuliza moto anajua kwamba kwanza unavuta hewa, nyingi, mpaka tumbo linaingia ndani. Claudine akavuta. Immakulata akabonyeza hapo hapo, kabla hajapuliza.

Picha ikatokea. Mbavu zimelingana kushoto na kulia, mabega yametoka njiani, mapafu yamejaa hewa hadi chini, kingo za moyo zinasomeka kama zimechorwa kwa penseli. Hakuna kilichotikisika. Na karibu na mzizi wa pafu la kulia, wazi kabisa, kulikuwa na tezi zilizovimba, alama ya kifua kikuu kwa mtoto, ambazo kwenye picha mbaya zisingeonekana.

Nurudini aliinama juu ya skrini, na mazoea ya miaka mingi yakamponyoka mdomoni. "Hii ndiyo picha," alisema. "Hii nitafundishia." Halafu akakumbuka imepigwa kifua cha nani, akaweka mkono mdomoni, akaanza kuomba radhi.

Immakulata alikuwa anamvalisha mtoto gauni, anatafuta tundu la mkono. Alisema afundishie. Alisema aziweke zote mbili, ile ya Kasulu na hii, pamoja, na majina ya wagonjwa ayafute kama kawaida.

"La mpigaji liache," alisema.

Claudine akauliza kama moto wa bibi umewaka. Mama yake akamwambia umewaka, akamfunga kifungo cha mwisho, wakatoka kwenda dirisha la dawa, ambako babu yake alikuwa ameshapanga foleni.